Aliyekuwa Mwisho wa Waya

Jabe, baada ya alasiri

Zuhura,

Wengine huanza barua kwa kuulizana hali. Hali yako naijua: uko nyumbani unafunga sanduku na umeninunia. Mi naanza na bahati yangu, maana ndiyo mali yangu ya kweli na hujawahi kuiheshimu. Katika mji huu wote, toka Kinama mpaka kule juu Kiriri kwenye majumba ya wakubwa, hakuna mutu aliyezaliwa na bahati kama baba yako. Gari likipinduka, mi nimeshuka kituo cha nyuma. Wenzangu wakikamatwa mpakani, mi nimebaki Uvira naumwa tumbo. Nimefika Bukavu, nimefika Kigoma, nimefika Mpulungu kule Zambia, nikarudi na meno yangu yote. Na bahati kubwa kuliko zote umeisikia tangu unatambaa: wiki moja kabla shimo la maji la Kinama halijatoa aibu, mi nilikuwa nimeshaacha kazi ile ya kuvuta waya za kutafutia maji. Wenzangu wanafukuzwa kwa matope, Hamisi amekaa Jabe anakunywa chai ya maziwa. Watu husali miaka mingi wapate bahati ya namna hiyo na hawaipati.

Basi jana ukaishika bahati yangu mbele ya wageni, ukaivua nguo.

Nimekasirika. Naandika wazi ili usije ukadhani hii ni barua ya kubembeleza. Nimekasirika na wewe, nimekasirika na profesa wako wa nywele nyeupe anayechekacheka kwenye simu, nimekasirika na wageni waliokula pilau yangu halafu wakanicheka, na zaidi ya wote nimekasirika na hiyo barafu yenu. Ningejua barafu hiyo inakokaa ningeiandikia na yenyewe.

Mambo ya koti na soksi na nyama ipi ni halali huko uendako, mama yako ameshakujazia karatasi mbili. Mi sina la kusema kuhusu soksi. Nimeishia darasa la sita, lakini nililokuja kukuandikia halifundishwi darasa lolote, na ndilo linalonichoma.

Turudi jana, maana najua wewe utaikumbuka kwa namna yako, na mi nataka ujue nilivyoiona kutoka kwenye kiti changu.

Ilikuwa karamu yako ya kukuaga. Mama yako aliwasha moto kabla ya swala ya alfajiri. Buyenzi nzima ilijaa uani kwetu. Na shangazi yako Mwajuma, dada yangu ambaye mdomo wake haufungi hata Ramadhani, akauliza kwa sauti ya kusikika msikitini:

"Sasa Zuhura, huko Denmaki unaenda kusoma nini? Udaktari?"

"Apana, shangazi. Naenda kupima mabonde yaliyozikwa."

"Yamezikwa na nani?"

"Na barafu."

"Barafu hii ya kuweka kwenye soda?"

Watu wakacheka, na wewe ukacheka. Hapo bado nilikuwa nakupenda bila shida. Ukavuta sinia ya pilau, ukaanza. Zamani sana, ukasema, nchi yote ile ilifunikwa na barafu nene kama mlima. Chini ya barafu maji yalikimbia kwa nguvu, yakachimba mabonde marefu. Hapo ukapitisha ukingo wa mkono wako katikati ya pilau mpaka chini ya sinia pakaonekana. Halafu mabonde yakajaa mchanga na kokoto, na pengine udongo wa mfinyanzi. Ukamwaga maharage kwenye mfereji. Halafu barafu ikarudi, ikapaka juu yake tope lake lililochanganyika na mawe. Ukafunika yote kwa wali, ukasawazisha kwa kijiko. "Leo pale juu ni shamba la shayiri. Ng'ombe wanakula majani, hawajui wamesimama juu ya bonde. Haya shangazi, bonde liko wapi?"

"Subiri dakika mbili," Mwajuma akasema, "litakuwa kwenye tumbo langu."

Lakini akauliza tena, na lilikuwa swali zuri, hata kama limetoka kwake: mutu anajuaje kama bonde liko pale bila kuchimba? Ukaeleza vizuri, nakiri. Kwamba mnapitisha umeme ardhini, na udongo wa mfinyanzi unaupokea kirahisi, na mchanga wenye maji safi unaupinga. Kwamba pengine mnapiga nyundo juu ya bamba la chuma na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka chini. Kwamba hata helikopta inapita na duara kubwa linaning'inia chini yake. Mwisho wa yote mnachora ramani ya bonde ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Na kwamba si mchezo, kwa sababu miji ya kule inakunywa maji ya ule mchanga. Mkikosea mkasema juu yake kuna udongo mzito wa kuulinda, na kumbe haupo, sumu ya mashambani inashuka mpaka kwenye vikombe vya watu.

Mi nikavimba kama mkate wa chachu. Nikaruka kwenye kiti: "Hayo ameyapata kwa baba yake! Nani alivuta waya Kinama wakati nyinyi hamjui hata umeme wa taa?" Nikakimbia ndani, nikatoa ukutani ile karatasi kwenye fremu yake, ile yenye mstari wa kalamu unaopanda, ambao ulikuwa unaufuata kwa kidole tangu hujui kusoma. Nikasimulia kama ninavyosimulia siku zote: injenieri alivyokosea, shimo lilivyotoka bila maji, na Hamisi alivyokuwa ameshajitoa mapema.

Na wewe ukaweka kidole chako pale pale pa zamani. Ila sasa kidole kimesoma.

"Baba, mwisho wa waya upande huu alikuwa nani?"

"Mi mwenyewe! Nani mwingine?"

"Huu mstari hauwezi kupanda hivi."

"Hauwezi kwa nani? Umepanda, unauona."

"Kwa udongo wowote, baba. Kuna mwinuko ambao mstari kama huu hauwezi kuupita, hata kama chini kungekuwa na mwamba mtupu. Hapa umepita. Kuna mutu hakutembea."

Ulisema kwa sauti ndogo. Nakupa haki hiyo. Lakini Mwajuma ana masikio ya mbwa. "Eee! Hamisi, mutoto amekukamata!" Uwanja wote ukacheka, hadi mama yako, ambaye miaka yote hiyo ameipangusa vumbi fremu ile kila Ijumaa.

Nilichosema baada ya hapo unakijua. Kwamba unaenda kuwa mtumwa wa barafu ya wazungu. Kwamba shule imekujaza kichwa ikakutoa adabu. Na lile la tatu, kwamba afadhali ungezaliwa bubu. Wageni wakatazama sahani zao.

Hukulia. Ulisema tu: "Nijibu, baba: ulikaa bila kutembea? Ndiyo au apana. Ukinijibu kabla sijaondoka, utanipeleka uwanja wa ndege. Usiponijibu, nitaenda na mama." Ukaingia ndani.

Nimelala huku kwenye karakana yangu, kati ya pampu za watu, kwenye turubai linalonuka mafuta. Tangu asubuhi wateja wanakuja na mi nawafokea. Mmoja ameondoka na pampu yake mbovu bila kutengenezewa, akasema atarudi nikipona. Nimenunua daftari la watoto wa shule kwenye duka la jirani, na hii ni karatasi ya tatu, mbili za kwanza nilikuwa natukana tu.

Sikiliza sasa nikuelezee kazi ile.

Injenieri wetu aliitwa Siprieni. Mwembamba kama ufito, shati limepigwa pasi hata kama tunaingia matopeni, na alikuwa na kasoro moja kubwa: aliwaambia vibarua "tafadhali." Mi sijawahi kumwamini mkubwa anayesema tafadhali. Wenzake wote walipiga kelele, yeye alikuwa anatuonyesha. Alikaa katikati na masini yake ya kupimia, betri ya gari, na vyuma viwili vifupi karibu na miguu yake, na pande mbili waya zinakwenda, huku mi, kule mwenzangu, ambaye sasa ni marehemu. Kila mmoja ana bobini ya waya mgongoni, nyundo, na chuma cha kupigilia. Injenieri anasema mita kumi, tunapigilia mita kumi. Anabonyeza, anasoma namba, anaandika. Halafu ishirini, halafu hamsini, halafu mia. Alitueleza sababu: vyuma vikienda mbali, umeme nao unakwenda chini zaidi kabla ya kurudi. Kuona chini lazima utembee mbali. Nililielewa siku hiyo hiyo, usifikiri baba yako ni mjinga.

Na nilikuwa hodari! Mapigo matatu, chuma kimeingia. Kiangazi ardhi ikikauka mpaka inakataa umeme, tunamwaga maji ya chumvi pale penye chuma ili ipokee. Mi ndiye nilibeba bidoni ya maji ya chumvi. Mbuzi wote wa Kinama walinifuata kulamba nilipopita, na wanawake wakaniita bwana harusi wa mbuzi.

Mmoja wao alikuwa Mama Odeta. Hukumjua. Mjane, mfupi, anacheka na mwili wote. Shamba lake la maharage lilikuwa katikati ya mstari wetu, na wenye mashamba wengine walitukataza kupita, wakiamini waya zile ni za kupimia viwanja vyao wanyang'anywe. Yeye alisema: "Piteni. Kama ni maji munatafuta, piteni hata juu ya kitanda changu." Kila siku alikuwa anateremka mtoni na bidoni mbili, moja kichwani, moja mkononi, na kupanda nazo.

Siku ya kipimo kile, jua lilikuwa linachemsha ubongo. Mita mia nilifika. Vilibaki vituo viwili: mia na hamsini, na mia mbili. Mbele yangu palikuwa na mtaro uliojaa uchafu wa mtaa mzima, na ng'ambo ya mtaro kiwanja cha mutu aliyetuapia juzi yake kwamba atakayekanyaga kwake na waya atarudi na mguu mmoja. Hatukuwa na simu za kuongea toka mwisho wa waya. Tulikuwa na kitambaa chekundu. Ukishapigilia unakipandisha, injenieri anakiona juu ya mapaa ya nyumba, anabonyeza. Kitambaa anakiona. Chuma hakioni.

Kulikuwa na kivuli cha ukuta, na mama mmoja anachoma mihogo.

Nikakaa, Zuhura. Nikapandisha kitambaa cha mia na hamsini nikiwa nimekaa. Nikasubiri muda wa mutu kutembea, nikala muhogo, nikapandisha kitambaa cha mia mbili. Chuma changu kilikuwa bado kwenye shimo lile lile la mita mia. Mwenzangu upande wa pili alitembea hadi mwisho kama alivyoambiwa. Mutu hakutembea, na mutu huyo ni mi.

Haya. Nimekujibu. Ni ndiyo.

Usidhani nakushukuru kwa kuniuliza. Mutu anaweza kukaa juu ya jambo miaka mingi, ng'ombe wakala majani yao juu yake, hadi aje mutoto wake mwenyewe na kidole. Naijua barafu kuliko profesa wako. Inaharibu, inafukia, inasawazisha kwa kijiko, halafu inaondoka zake.

Jioni ile Siprieni alichora namba zake kwenye karatasi, mbele ya gari, na mstari ukapanda. Ulikuwa unalala chini, udongo wa mfinyanzi na maji ya chumvi, kama Kinama yote, halafu ghafla ukainuka. Alitoa miwani, akaipangusa, akavaa tena. "Hamisi, njoo uone! Chini ya huu udongo mbaya kuna mchanga! Mchanga safi!" Akanikumbatia na shati lake la pasi, mi nimejaa jasho na chumvi. Halafu akaenda kwa Mama Odeta kumwambia maji yako chini ya maharage yake. Kesho yake mama yule aling'oa maharage yote kwa mkono wake, yakiwa bado hayajakomaa, ili gari la kuchimbia lipate pa kusimama. Aliimba akiyang'oa. Mi nilisimama pale. Nikamsaidia kuyabeba, na nikamtania kwamba sasa mbuzi wataniacha wamfuate yeye.

Nilifikiri chuma kimoja kati ya vinne ni kitu gani? Wewe unajua hesabu yake. Mi sikuijua. Halafu karakana hii ikapatikana, mwenyewe anahamia Kigoma, nikaaga kazi. Wiki moja baadaye gari likachimba. Udongo wa kijivu, udongo wa kijivu, tena udongo wa kijivu, siku ya tatu yakatoka maji kidogo ya chumvi ambayo hata kufulia hayafai. Wanawake wa Kinama waliokuwa wamepiga foleni na ndoo wakachota matope, wakamrushia Siprieni. Nimesimuliwa kwamba alisimama tu. Hakukimbia, hakuinua mkono kufuta uso, alikuwa anaitazama karatasi yake.

Baada ya hapo wakubwa wake walisema hajui kazi. Hakupewa masini tena.

Alikuja hapa, Zuhura. Hilo sijawahi kumsimulia mutu. Alikaa kwenye hiyo ngazi ya mlango, akaweka karatasi juu ya meza yangu.

"Hamisi," alisema, "nimepiga hesabu mara nyingi, siioni kosa langu. We ulikuwa mwisho wa waya. Niambie kama kuna kitu. Sitakushitaki. Nataka kujua tu, ili nilale."

Unajua nilimjibu nini? Nilikuwa na wateja wawili hapa, na unanijua mbele ya watu. Nikasema: "Shefu, mkubwa wangu, labda masini yako ina malaria." Wateja wakacheka hadi mmoja akashika ukuta. Siprieni naye akatabasamu kidogo, kwa adabu, kama mutu anayeshukuru kwa chai ambayo hajapewa. Akaondoka akaacha karatasi. Nikaitia kwenye fremu. Nikaipigilia ukutani nyumbani kwa mapigo matatu.

Sasa anafundisha hesabu kwenye shule moja huko mjini Ngozi. Siku moja nilimwona hapa sokoni Jabe akichagua nyanya. Nikaingia nyuma ya pampu hadi akapita, baba yako huyu, aliyefika Mpulungu.

Na hii habari ya bahati nani aliianza? Mama Odeta. Alinikuta sokoni miezi michache baada ya shimo, na bidoni zake. Nikadhani atanirushia moja. Akacheka mwili wote: "We Hamisi, Mungu anakupenda! Alikutoa mapema, aibu isikupate. Uko na bahati, we mutu!" Akanipa mkono. Kiganja chake kilikuwa na kovu la mshikio wa bidoni. Nikachukua neno hilo mdomoni kwake, nikaenda nalo nyumbani, nikalivaa kama kanzu ya Idi hadi leo.

Sasa nikufokee kidogo kuhusu kazi yako, maana nina haki.

Wiki iliyopita ulimweka profesa wako kwenye simu anisalimie, ukatafsiri. Nikakuambia muulize nani anashika mwisho wa waya. Akacheka, akasema siku hizi vyuma vinawekwa themanini kwa pamoja, na masini yenyewe inapima kila chuma kama kimegusa udongo sawasawa. Nilichukia siku nzima, ukadhani ni wivu. Nikajisemea, masini hiyo ingekuwepo Kinama mi ningefukuzwa siku ya kwanza. Halafu leo, nikiwa hapa kwenye turubai, nimeona anachokosea. Masini yake inajua chuma kimegusa udongo. Haijui udongo upi. Chuma changu kilikuwa kimegusa vizuri sana, na maji ya chumvi juu. Ungepima ungesema Hamisi ni malaika. Kilikuwa tu si mahali pake.

Wewe unaanza kazi, hawatakupa masini siku ya kwanza. Utakuwa mwisho wa waya, kwenye shamba la shayiri, mvua ya baridi inaingia shingoni, vidole havishiki nyundo, na mbele yako kuna mtaro. Hakuna atakayekuona. Utasema ni chuma kimoja kati ya themanini. Siku hiyo usinifikirie mi, nitakuharibu. Mfikirie mama anayeng'oa maharage mabichi huku anaimba.

Na ukipandishwa, ukikaa kwenye masini, mstari ukikupa furaha hadi ukapangusa miwani, hapo hapo simama uende kwa miguu hadi mwisho wa waya. Siprieni hakuja. Nimemlaumu kwa hilo miaka yote, nikisema moyoni, kwa nini hakuja kuniona? Mita mia mbili tu! Angenikuta na muhogo mdomoni. Ni lawama ya mwizi anayemlaumu mwenye nyumba kwa kulala, najua, usinisahihishe.

Neno lile la bubu. Ningeweza kulifuta ningelifuta. Ulichelewa kuanza kusema, ulijua? Ulifika miaka mitatu kimya, mama yako akawa analia, na mi nikawa nakubeba begani kila jioni sokoni nakutajia vitu, nyanya, dagaa, mkaa, kama mwehu. Neno lako la kwanza lilikuwa "apana." Niliwanunulia watu wote wa mtaa soda. Halafu jana nakuambia vile. Nilikuwa natafuta kitu cha kukuumiza, nikakichukua kilichokuwa karibu.

Karatasi ile niliondoka nayo jana, nimeitoa kwenye fremu, imo humu ndani ya daftari. Nyuma yake nimeandika: "Nilikaa mita mia. Hamisi." Mama yako ataipeleka Ngozi kwa Siprieni wiki ijayo, na mi nitakuwa nyuma yake, nikiweza. Mama Odeta alifariki kabla bomba la maji halijafika kwao. Kwake sina pa kupeleka kitu.

Barua hii nampa Mwajuma akuletee. Anasubiri hapa mlangoni, ameshaniuliza mara nne ninaandika nini. Nimemwambia anaweza kuisoma njiani. Ataisoma. Ikifika magharibi Buyenzi nzima itakuwa inajua, na wale waliocheka jana watakuwa na jambo zuri zaidi la kucheka. Sawa.

Umeniuliza kama nilikaa, nimekujibu ndiyo. Kesho saa nne nitakuwa kwenye mlango wa nyumba na gari la kuazima. Ukipita ukaingia kwenye gari lingine na mama yako, sitafungua mdomo. Ila kuna jambo hukuniuliza, kwa sababu hukujua kama lipo la kuuliza, na siwezi kukuacha uondoke likiwa bado limezikwa.

Jioni ile Siprieni aliponikumbatia, nilijua. Sikujua hesabu, lakini nilijua mstari umepanda kwa sababu yangu, kwa sababu umepanda pale pale nilipokaa. Nilijua wakati Mama Odeta anang'oa maharage. Karakana hii haikupatikana kwa bahati wiki ile. Niliitafuta mimi, mchana na jioni, nilimwomba mwenyewe anipe upesi, kwa sababu gari la kuchimbia lilikuwa linakuja na sikutaka kuwepo. Bahati sina, Zuhura, na sijawahi kuwa nayo. Nilijua shimo halina maji, nikakimbia.

Baba yako,
Hamisi